Pevingi mpya, mashine ya kushindilia na kona zinazomeguka

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Kigamboni. Nyuma ya nyumba nimewekewa pevingi nyekundu na za kijivu, unene milimita 60, eneo la kama mita za mraba 45, tupate pa kukaa jioni. Fundi amemaliza kuzipanga jana, kesho anakuja na mashine ya kushindilia. Jirani yangu alifanyiwa hivyohivyo, kona nyingi zikameguka na zile nyekundu zikabaki na michirizi. Nitandike kapeti juu? Mchanga wa kujazia uwekwe kabla ya mashine au baada? Na nimwage maji ili zishuke vizuri?

JIBU: Marahaba. Mpigie fundi wako, mwambie mashine isije kesho asubuhi. Aje kwanza yeye, mzunguke wawili hilo eneo taratibu. Sisi mafundi tukivunja pevingi tunasema mashine ilikuwa kali, lakini mara nyingi mashine imefichua tu kosa lililofanyika siku mbili nyuma.

Chukua kadi tatu za benki, zibebanishe, kisha jaribu kuzipenyeza katikati ya pevingi na pevingi. Unene wake ni kama milimita mbili na kidogo, na mwanya unaotakiwa ni kati ya milimita 2 na 5. Zikiingia bila kulazimishwa, vizuri. Zikigoma sehemu nyingi, hapo ndipo kona za jirani yako zilipoishia. Pevingi zilizobanana zinasuguana midomo mashine inapotikisa, na zege likisuguana na zege ukingo wa juu ndio unaobanduka. Zipo pevingi zenye vinundu vidogo ubavuni, hizo zinajiachia nafasi zenyewe. Kama zako hazina, fundi alipaswa kuiacha kwa mkono. Safu zilizobana zilegezwe sasa, kabla ya kitu kingine chochote.

Halafu uliza zilifyatuliwa lini. Nguvu ya zege hupimwa kwa siku 28, na nimeshapokea mzigo ambao ukiweka kiganja juu yake bado unasikia ubaridi wa maji. Gonganisha mbili. Iliyokomaa inalia kwa mlio mkavu, wa juu. Mbichi inatoa sauti ya kufa, kama umegonga gogo lililolowa. Zikiwa mbichi hakuna mpira wala kapeti litakalozisaidia. Zinyunyizieni maji asubuhi na jioni, msubiri.

Jambo la tatu linaniudhi kuliko yote: mchanga wa kulalia usiochekechwa. Kokoto moja ndogo ikibaki chini ya pevingi, pevingi inakuwa imekaa juu ya kigingi. Mashine ikipita inapasuka katikati, na fundi anaapa kwamba ilitoka kiwandani na ufa. Mchanga huo uwe wa milimita 25 hadi 30 tu, umepigwa rula na haujashindiliwa, una unyevu kidogo lakini hautoi maji ukiukamata. Kama fundi alijaza sentimita saba ili kuficha mabonde ya kifusi, pevingi zitashuka kwa mawimbi. Mashine ndogo ya juu haiwezi kufanya kazi ya kifusi. Kifusi kilitakiwa kushindiliwa peke yake, tabaka kwa tabaka, lisizidi sentimita 15 kila moja.

Hapo ndipo maji yalikuwa na kazi. Udongo wa kichanga kama wa kwenu Kigamboni unakaa vizuri sana ukilowanishwa na kutikiswa, lakini ni wakati wa kuandaa chini. Sasa hivi usimwage. Mchanga wa kulalia ukijaa maji na kutikiswa unageuka uji, unapanda kwenye mianya na kuchafua uso, na pevingi zinaanza kuelea zikihama mstari.

Tuje kwenye mashine yenyewe. Kodi kompakta ndogo ya sahani, yaani mashine yenye bamba la chuma linalotikisika chini, ya kilo 60 hadi 90 hivi. Ukiletewa ile ya kurukaruka, inayoshindilia mitaro ya mabomba, irudishe ilikotoka. Kapeti ulilofikiria si wazo baya, ila likitandazwa tu linakunjika na kusogea. Kinachofaa zaidi ni mpira mnene unaofungwa chini ya sahani, ukatembea nayo. Wakodishaji wengine wanao. Wasipokuwa nao, kipande cha mkanda wa mpira wa konveya kikibanwa kwa bolti mbele ya sahani kinatosha, mradi vichwa vya bolti visikae chini.

Kabla ya kuwasha, fagia. Kisha fagia tena. Michirizi ya jirani yako naijua, kwa sababu niliwahi kuitengeneza mwenyewe. Jua lilikuwa linazama, tukaacha mchanga juu ya pevingi nyekundu na kupitisha sahani ya chuma bila mpira. Usiku ule tulilala tukijua tumemaliza kazi. Asubuhi tulipofagia kulikuwa na nusu-duara jeupe kila mahali tulipogeuzia mashine. Haikufutika, tukang'oa mita sita za mraba kwa gharama zetu.

Angalia pia mawe ya ukingo. Zege linaloyashika nyuma liwe limeshakaa siku kadhaa, la sivyo mtikisiko unayasukuma nje na mianya yote inafunguka. Upande ambao bado hauna ukingo, mashine ikae mbali nao angalau mita moja.

Mara ya kwanza mashine inapita mianya ikiwa mitupu. Mafundi wengine watabisha, wanapenda kujaza mchanga kwanza. Mimi siwazuii kwao, lakini kwako nasema tupu, kwa sababu hii: pevingi itakayopasuka utaing'oa kwa bisibisi mbili ndani ya dakika moja na kuweka nyingine. Mianya ikishajaa, kuing'oa ni vita. Anzeni pembezoni mkiingia katikati, kisha mpite tena kwa kukata njia ya kwanza. Mashine isisimame mahali pamoja ikiwa inatikisa, wala isigeuzwe ghafla. Zungusheni kwa upana, kama gari linalotafuta pa kugeuzia.

Zitashuka milimita chache, hata kukaribia 10. Kwa hiyo weka pima maji kabla: kama leo ziko sawasawa na ukingo, kesho zitakuwa chini yake na maji ya mvua yatatuama. Afadhali zikae juu kidogo sasa. Mteremko wa sentimita moja na nusu kwa kila mita, kuelekea mbali na ukuta wa nyumba, nadhani fundi ameshauweka. Mwulize hata hivyo.

Baada ya kubadilisha zilizovunjika, mwaga mchanga mkavu kabisa, laini, uliochekechwa. Usiwe wa ufukweni, hata kama upo hatua mia kutoka kwako: chumvi yake itatokea juu kama unga mweupe. Fagia uingie, ondoa unaobaki juu, pitisha mashine na mpira wake. Mchanga utashuka kwenye mianya. Jaza tena, pita tena, mpaka usishuke. Msichanganye saruji humo. Inapasuka na kuvunja midomo ya pevingi.

Vipande vilivyokatwa vikiwa chini ya theluthi ya pevingi nzima, usipitishe mashine juu yake, gonga kwa nyundo ya mpira. Nyundo hiyohiyo ndiyo ya slabu pana na za mawe ya asili kama Mazeras ya kule Kenya, kwa wasomaji walioniuliza wiki zilizopita.

Mwisho tandaza mchanga mwembamba juu, uache wiki nzima mkiukanyaga. Na kijana wa kuosha gari akija na bomba lake la presha, asielekeze kwenye mianya.