Kambare wa Duluti: kwa wanaotaka kupiga mbizi na bahari hawana

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Moshi aliniandikia: "Kaka, shikamoo. Nataka kujifunza kupiga mbizi kwa mtungi, lakini huku kwetu bahari hakuna. Nianzie wapi?" Swali lake nimekaa nalo siku nne. Nikimjibu kwa ukweli, inabidi nisimulie jambo ambalo nimelikalia tangu mwezi wa saba, na ambalo grupu letu la WhatsApp limekataa katakata kulisahau. Kule siku hizi hawaniiti jina langu. Wananiita Kambare.

Cheti changu nilikipatia Unguja. Maji nyuzi 28, mwenzako unamwona hata akiwa mita ishirini mbele, samaki wa kila rangi. Nikarudi Arusha na mbizi kumi na nne kwenye daftari, na majigambo yasiyoenea humo. Klabu yetu ilipotangaza siku ya mazoezi ya maji baridi Ziwa Duluti, nilicheka. Duluti hii hii ya Tengeru, ya kupanda mitumbwi na kupiga picha?

Duluti ni kreta ya volkano, kama mita 1,290 juu ya usawa wa bahari. Utasikia watu wakiapa kwamba halina mwisho, eti mita mia saba kwenda chini. Waliopima walikuta kina cha mita 9. Hilo nilikuwa nalijua, na ndilo lililoniponza. Mita tisa! Mimi niliyeshuka kumi na nane?

Baridi ya Julai ya Tengeru mnaijua. Ukungu umelala juu ya maji, mdomoni moshi unatoka, na vidole vimekufa ganzi kiasi kwamba kufunga kishikizo cha mkanda ni kazi ya watu wawili. Mkanda wenyewe ni wa vipande vya risasi, vya kukuongezea uzito uzame. (Madini ya risasi, si za bunduki. Mlinzi wa getini ilibidi aonyeshwe ndipo aamini.) Mwalimu wetu ni dada mmoja ambaye nimemzidi miaka kama tisa. Akapita kwa kila mtu, akafika kwangu: "Kaka, hapa si Unguja. Punguza risasi, halafu tukupime kama unaelea."

Alikuwa sahihi, na hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Chumvi inabeba. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa takriban asilimia mbili na nusu, kwa hiyo mtu mwenye kilo mia pamoja na vifaa vyake, kwa suti ile ile ya kuzamia aliyovaa baharini, akija ziwani inabidi avue kilo mbili na nusu hivi. Mimi nilijibu, tena mbele za watu: "Mwalimu, mwili wangu naujua."

Nikaingia na kilo zangu nane za Unguja na suti yangu nyembamba ya milimita 3.

Saa ya mkononi ilisoma nyuzi 20. Tuna mwanachama Mjerumani ambaye alicheka sana, maana kwao chini ya ziwa ni nyuzi 4 na regulata (kifaa cha kupumulia mdomoni) inaweza kuganda ikamwaga hewa yote. Sawa, lakini yeye kazaliwa huko. Maji yanakunyang'anya joto mara 25 hivi kuliko hewa, na kifua changu kilibana papo hapo. Pumzi zikawa fupi fupi, kama mtu aliyepanda ngazi na gunia. Kabla sijazituliza, nikazama kama jiwe la kusagia.

Nilitua kwenye matope, yakanifika magotini. Nikapiga mapezi nijinasue, yakachemka yote. Kijani kikawa kahawia, kahawia kikawa giza. Mkono wangu nikausogeza hadi kwenye kioo cha miwani, sikuuona. Kidole kikaanza kutafuta kitufe cha kujaza jaketi hewa ili nifyatuke juu. Ningekibonyeza huku nimebana pumzi, pengine leo nisingekuwa naandika, kwa sababu hewa inatanuka kadiri unavyopanda, na hata mita chache tu zinaweza kuchana pafu.

Kuna mkono ulinishika mkanda wa begani. Ukaminya mara mbili, ukatulia. Kisha nikaona miwani ya mwalimu, sentimita tano kutoka kwangu, na kiganja chake kinashuka taratibu: tulia, tulia. Tukapumua pamoja mara kumi ndipo tukapanda. Hewa ya robo saa nilikuwa nimeimaliza kwa dakika nne.

Ufukweni mtu akanipiga picha, matope hadi kwenye nyusi. Aliyeirusha kwenye grupu ni rafiki niliyemwingiza mwenyewe klabuni. Hilo bado linaniuma, nisidanganye. Mwalimu hakusema neno. Aliandika tu kwenye daftari langu: "Dakika 4. Uzito umezidi." Heri angenitukana.

Wiki mbili baadaye nilirudi na suti nene ya kuazima. Suti nene inaelea zaidi, kwa hiyo hesabu ikaanza upya. Unasimama majini, jaketi tupu, umeshika pumzi ya kawaida: maji yakufike machoni. Ukitoa pumzi, uzame. Tulitoa na kuongeza vipande mara tano. Dakika 31, jamani! Na picha ya siku hiyo hakuna aliyeirusha.

Kwa hiyo vijana, pimeni uzito. Sisi watu wa bara tukishapata cheti tunadhani maji yote ni mamoja. Si mamoja! Kuanzia mita 300 juu ya usawa wa bahari hata majedwali ya kupigia mbizi, yale ya kukuonyesha ukae chini muda gani, yanabadilika, kwa sababu hewa juu yako ni nyepesi. Mdogo wako akikwambia punguza, punguza. Pima uzito hata kama jana ulipima.

Na wewe wa Moshi: anzia bwawa la kuogelea, na mwalimu, kamwe usianze peke yako. Ukisikia ziwa, uliza kwanza habari za kichocho na mamba. Umeandika pia kwamba unataka kwenda kupiga mbizi Zanzibar, kisha upande mlima kesho yake. Usithubutu, huko juu nako hewa ni nyepesi. Geti la Marangu pekee liko zaidi ya mita 1,800. Kaa chini siku nzima kwanza, na ndege nayo isubiri saa 18 kama umezama zaidi ya mara moja.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunaingia tena. Panda basi la Arusha, shuka Tengeru. Njoo na sweta, taulo mbili na chupa ya chai ya tangawizi. Ukifika, muulizie Kambare. Jina langu halisi hakuna atakayelijua.