Je, sindano ya ganzi ya mgongoni hutoboa uti wa mgongo?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina ujauzito wa miezi minane, na kwa kuwa mtoto ametanguliza makalio nimepangiwa kujifungua kwa upasuaji. Nimeambiwa nitachomwa sindano ya ganzi mgongoni. Wifi yangu anasema sindano hiyo hutoboa uti wa mgongo, na mtu anaweza kupooza au kuumwa mgongo maisha yake yote. Je, niombe nusu kaputi?

JIBU: Marahaba. Hofu ya wifi yako inaeleweka, kwa sababu sote, madaktari tukiwamo, tumezoea kuita "uti wa mgongo" vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni mifupa yenyewe, yaani pingili zilizopangana kutoka chini ya fuvu: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, kisha zile zilizoshikamana hadi kwenye kifandugu. Cha pili ni ugwe wa mgongo, ambao ni fungu laini la neva linaloshuka kutoka kwenye ubongo na kupita katika mfereji ulio ndani ya pingili hizo. Ugwe huo ukijeruhiwa vibaya ndipo mtu hupooza.

Wagonjwa wengi hawaelezwi kwamba ugwe haufiki mwisho wa mfereji. Mimba ikiwa changa, ugwe wa mtoto aliye tumboni huujaza mfereji wote, lakini baadaye mifupa hurefuka kwa kasi zaidi, hivyo kwa mtu mzima ugwe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kutoka hapo kwenda chini hubaki mizizi ya neva inayoning'inia ndani ya maji, ambayo wanaanatomia waliipa jina la mkia wa farasi. Daktari wa usingizi hupapasa ncha za juu za mifupa ya nyonga, kwa kuwa mstari unaoziunganisha hupita karibu na pingili ya nne ya kiuno, kisha huchagua nafasi iliyo kati ya pingili ya tatu na ya nne, au ya nne na ya tano. Sindano hupita katikati ya mifupa na kutoboa utando unaozuia maji hayo. Matone maangavu yakitoka, dawa huingizwa. Mahali hapohapo ndipo huchukuliwa maji ya kupima homa ya uti wa mgongo, ambayo kwa hakika ni ugonjwa wa tando zinazozunguka ubongo na ugwe.

Kinachoweza kukusumbua ni kichwa. August Bier, aliyeanzisha ganzi hii mjini Kiel, Ujerumani, mwaka 1898, alikubali kuchomwa yeye mwenyewe na akaumwa kichwa siku kadhaa, kwa sababu maji huvuja kupitia tundu la sindano. Sindano za leo ni nyembamba mno, hivyo tatizo hilo limepungua sana, na likitokea lina matibabu. Maumivu ya mahali ulipochomwa huisha baada ya siku chache. Mgongo unaouma kwa miezi baada ya uzazi mara nyingi umetokana na ujauzito wenyewe, ambao hulegeza viungo vya nyonga na kubadili mkao, ingawa lawama hubebeshwa sindano.

Siwezi kusema kwamba kupooza hakutokei kabisa. Hutokea kwa nadra sana, hasa damu ikivujia ndani ya mfereji na kuubana ugwe au mizizi ya neva, au usaha ukijikusanya humo. Kwa hiyo mweleze daktari mapema kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama vile heparini, kama huwa unatokwa damu kwa urahisi, au kama una jipu au kidonda mgongoni. Miguu kuwa mizito kwa saa chache ni jambo la kawaida. Lakini ikiendelea kufa ganzi baada ya muda uliotajiwa, ikirudi kulegea, au ukipata homa pamoja na maumivu makali ya mgongo, mwite muuguzi mara moja, hata kama ni usiku.

Kuhusu nusu kaputi, nisingekushauri uiombe kwa sababu ya hofu hii pekee. Ina nafasi yake, hasa kwenye dharura au pale ganzi ya mgongoni isipofaa, lakini kwa mjamzito kuingiza mpira wa kupumulia huwa kugumu zaidi, na yaliyomo tumboni yanaweza kuingia mapafuni.