Muulize Mwalimu: Rishi Sunak ni mjukuu wa nani?

Shikamoo Mwalimu. Kijiweni kwetu Dodoma kuna ubishi. Mmoja anasema mama yake Rishi Sunak, yule aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, ni Mtanzania. Mwingine anasema hapana, ni Mhindi wa India kabisa. Anayeshindwa ananunua kahawa. Tuamulie.

Marahaba. Kahawa anunue huyo wa pili, lakini wa kwanza naye asinywe kwa mbwembwe.

Mama yake, Usha, alizaliwa Tanganyika wakati bendera ya Mwingereza bado inapepea. Tanzania haikuwapo hata kwa jina, kwa hiyo kumwita Mtanzania kwa kuzaliwa ni kuvuta kamba mno. Baba yake, Yashvir, ni mzaliwa wa Nairobi, 1949. Babu mzaa baba, Ramdas, alitoka Gujranwala, mji ambao leo uko Pakistan, akaingia Nairobi mwaka 1935 kufanya kazi ya ukarani. Ukitaka kuwa mkweli sema hivi: ni familia ya Kipunjabi iliyopita Afrika Mashariki kwa kizazi kizima, ikaenda zake.

Katika ukoo wote huo, anayenivutia mimi ni bibi mzaa mama, Sraksha. Mwaka 1966 aliuza dhahabu yake ya harusi akakata tiketi ya kwenda tu, bila ya kurudi. Mume na watoto akawaacha huku. Akatua Uingereza peke yake, akafika Leicester, akapata kazi ya kutunza vitabu vya hesabu kwa wakala wa nyumba. Ilimchukua karibu mwaka mzima kukusanya nauli za mumewe na watoto. Wasomaji wangu wa kike wa Pwani hawahitaji kuambiwa uzito wa jambo hilo. Dhahabu ya harusi ni akiba ya mwanamke, mali ambayo mume haigusi. Kuiuza yote kwa siku moja ni kuamua kwamba hakuna kurudi nyuma.

Usha alikuwa na miaka 15. Baadaye mumewe Sraksha, Raghubir Berry, aliajiriwa katika idara ya mapato ya Uingereza, na mwaka 1988 akatunukiwa nishani ya MBE. Usha alisomea ufamasia Chuo Kikuu cha Aston, Yashvir udaktari Liverpool. Walipooana wakahamia Southampton, na Rishi, mtoto wa kwanza kati ya watatu, akazaliwa hapo tarehe 12 Mei 1980. Baba alikuwa daktari wa mtaa, mama akawa na duka lake la dawa. Kijana alikuwa akimsaidia mama hesabu za duka, na likizo moja alifanya kazi ya kuhudumu mezani katika mgahawa wa Kihindi hapo mjini.

Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, Nakuru. Mwalimu wetu alisema familia hii ilifukuzwa na Idi Amin. Ni kweli?

Si kweli, mwanangu, na mpelekee mwalimu wako salamu zangu za heshima. Amin alifukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972. Familia ya Sunak haikutoka Uganda, tena wakati huo ilikuwa imeshazoea baridi ya Uingereza.

Hawakufukuzwa na mtu. Waliusoma upepo. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, Waasia walipewa miaka miwili kuamua: uraia wa Kenya au kubaki na pasi ya Uingereza. Wengi walisitasita. Mwaka 1967 zikaja sheria za Kenya za uhamiaji na leseni za biashara, na asiye raia akaanza kuhesabu siku. Kwetu Tanzania Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, mabenki yakataifishwa. Majumba yalifuata mwaka 1971. Bibi Sraksha alishaondoka kabla ya yote hayo.

Sasa kuna jambo ambalo vitabu vyenu vya shule vinaliruka. Waasia wa Kenya walipoanza kumiminika London, serikali ya Harold Wilson iliogopa. Waziri wa Mambo ya Ndani, James Callaghan, alipeleka bungeni muswada uliopitishwa kwa siku chache tu, ukawa sheria tarehe 1 Machi 1968. Ilisema kwamba hata mwenye pasi ya Uingereza hana ruhusa ya kuingia moja kwa moja kama yeye, mzazi au babu yake hakuzaliwa Uingereza au kupata uraia wake kule. Mzungu wa Naivasha alipita. Mhindi wa River Road akawekwa kwenye foleni. Lishike hilo, maana nitalihitaji chini.

Mwalimu, tuache siasa kidogo. Huyu bwana si alitajirikia kwa mkewe? (Msomaji, Mombasa)

Mabibi na mabwana wa Mombasa mnapenda mambo ya ndoa. Haya.

Pesa alikuwa nazo kabla. Wazazi walimsomesha Winchester, shule ya ada nzito, akawa kiranja mkuu. Kisha Oxford, akahitimu mwaka 2001 na daraja la kwanza. Akaajiriwa na benki ya Goldman Sachs, halafu akaenda Stanford, Marekani. Hapo ndipo alipokutana na Akshata Murty. Baba yake Akshata, Narayana Murthy, ni miongoni mwa waanzilishi wa Infosys, kampuni ya programu za kompyuta iliyoanzishwa mwaka 1981. Mtaji wa kwanza, rupia 10,000, aliutoa mkewe Sudha katika akiba yake. (Mwanamke na akiba yake tena. Mimi sisemi kitu.) Harusi ilifanyika Bangalore mwaka 2009, na wamejaliwa mabinti wawili, Krishna na Anoushka.

Gazeti la Sunday Times lilikadiria utajiri wa wanandoa hao kuwa pauni milioni 730 mwaka 2022, nao kwa sehemu kubwa ni hisa za mke. Mwaka huo huo ikafichuka kwamba Akshata, kwa hadhi yake ya kikodi, hakuwa akilipa kodi ya Uingereza kwa mapato yake ya nje. Sheria ilimruhusu. Lakini mumewe ndiye alikuwa Waziri wa Fedha anayewapandishia wengine makato, kwa hiyo kelele zilikuwa halali, na mama akatangaza kwamba atalipa.

Ilikuwaje akawa Waziri Mkuu bila kupigiwa kura? (J.K., Mwanza)

Kwa taratibu zao, anayeongoza wabunge walio wengi ndiye anayeitwa na Mfalme. Sunak aliingia bungeni mwaka 2015 kupitia jimbo la Richmond, Yorkshire, sehemu ya mashamba ya kondoo, akaapa kwa Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu. Februari 2020 akawa Waziri wa Fedha. Wiki chache baadaye korona ikabisha hodi, naye akatangaza kwamba serikali italipa asilimia 80 ya mishahara ya waliokosa kazi ya kufanya, hadi pauni 2,500 kwa mwezi. Umaarufu wake ulianzia hapo.

Julai 2022 alijiuzulu katika serikali ya Boris Johnson, Waziri Mkuu wa wakati huo. Akagombea uongozi wa chama cha Conservative akashindwa na Liz Truss. Truss akapunguza kodi bila kuonyesha pengo litazibwa na nini, masoko yakatetemeka, siku 49 akawa ameondoka. Tarehe 24 Oktoba, sikukuu ya Diwali, mpinzani wa mwisho alijitoa. Siku iliyofuata Sunak, mwenye miaka 42, akaingia Downing Street, Mhindu wa kwanza kushika wadhifa huo.

Mwalimu, nakuandikia kutoka Kigoma, ambako wakimbizi tunawajua. Mtu ambaye bibi yake alihama anawezaje kutaka kupeleka wahamiaji Rwanda?

Hii ndiyo barua niliyoisubiri.

Kwanza haki itendeke: mpango haukuwa wake. Ulitangazwa Aprili 2022, enzi za Johnson, na aliyekwenda Kigali kutia saini ni Priti Patel, Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye wazazi wake walitoka Uganda. Baadaye uliendelezwa na Suella Braverman, aliyemrithi wizarani, ambaye baba yake ni Mgoa wa Kenya. Sunak aliurithi akaukumbatia kwa mikono miwili. Waziri kutoka Uganda, waziri kutoka Kenya, Waziri Mkuu kutoka Kenya na Tanganyika, wote wakielekeza ndege Kigali. Mtunga hadithi angeandika hivyo, mhariri angemwambia amezidisha.

Ndege ya kwanza ilizuiwa Juni 2022. Novemba 2023 majaji watano wa Mahakama ya Juu walikubaliana kwamba mpango haukuwa halali, kwa sababu waombaji hifadhi wangeweza kurudishwa walikokimbia. Sunak akajibu kwa kutunga sheria inayosema Rwanda ni salama. Hadi anaondoka madarakani waliofika Kigali walikuwa watu wanne, wote kwa hiari yao, na serikali iliyofuata ilisema zilitumika pauni milioni 700.

Hoja ya Sunak ni kwamba bibi yake alifuata sheria, lakini hawa wanaovuka bahari kwa maboti kuingia Uingereza hawafuati. Siikubali. Mwaka 1966 kulikuwa na njia ya kuifuata. Rudi kwenye ile sheria ya Callaghan: miezi michache tu baada ya familia kukutana Leicester, wengi wenye historia kama yao walizuiwa, na pasi ya Uingereza mkononi. Uhalali wa safari ya Sraksha ulitegemea kalenda, si tabia. Mjukuu aliyeitumia hadithi hiyo kwenye video ya kampeni yake Julai 2022 alipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote pale bungeni. Lakini ewe wa Kigoma, usidhani damu ya uhamiaji inamlazimu mtu kuwa na msimamo fulani. Wapo pia wajukuu wa waliohama hapa kwetu wanaotaka mipaka ifungwe.

Yuko wapi siku hizi? (Mama wawili, Tanga)

Bado mbunge. Mei 2024 alitangaza uchaguzi mbele ya mlango wa ofisi yake, bila mwavuli, mvua ikimlowesha suti nzima. Tarehe 4 Julai chama chake kikabaki na viti 121, kipigo kikubwa kuliko vyote katika historia yake, na Keir Starmer wa Labour akachukua nchi. Jimbo lake mwenyewe alilitetea. Uongozi wa chama aliukabidhi Novemba mwaka huo kwa Kemi Badenoch, binti wa wazazi wa Kinigeria. Mwaka 2025 alirudi Goldman Sachs kama mshauri, na malipo yake alisema yataingia katika mfuko alioanzisha na mkewe wa kuwasaidia watu kumudu hesabu.

Barua za Priti Patel zimekuwa nyingi, nitazijibu toleo lijalo. Aliyeuliza kama Mfalme Charles analipa kodi ya kiwanja, nawe vumilia.