Unataka kazi ya kufikisha utafiti wa afya kwa wananchi? Anza na anayeamua

Vijana wengi huniuliza wafanyeje ili waingie kwenye kazi hii ya kupeleka matokeo ya utafiti wa sera za afya kwa watu wasio wataalamu. Wengine wamesomea uandishi wa habari, wengine afya ya jamii, na karibu wote wanadhani kazi ni kurahisisha lugha. Kurahisisha kupo, lakini ni sehemu ndogo. Kubwa ni kujua nani ana uamuzi gani mkononi, halafu umfikie kabla hajaamua.

Someni habari za TEHIP, mradi ulioendeshwa na Wizara ya Afya ya Tanzania pamoja na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini kuanzia miaka ya 1990. Timu za afya za wilaya hazikurundikiwa ripoti nene. Zilipewa chati zinazoonyesha magonjwa gani yanapoteza maisha zaidi, na nyingine zinazoonyesha fedha zinakwenda wapi. Ilionekana kwamba malaria ilikuwa inachukua kama asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyokuwa ikipotea, huku ikipata kama asilimia 5 tu ya bajeti ya mwaka 1996. Mganga mkuu wa wilaya akiona hivyo hahitaji kuelezwa mara mbili. Mipango ilibadilishwa, na vifo vya watoto vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka michache. Bila shaka chati peke yake haikufanya hayo. Kulikuwa na nyongeza ya fedha, mafunzo kwa watoa huduma na vyandarua. Ila bila chati, fedha zile zingeendelea kufuata njia ya mwaka uliotangulia.

Kwa hiyo ukikabidhiwa utafiti, kabla hujaandika sentensi hata moja, muulize mtafiti: nani anaweza kufanya jambo kwa matokeo haya, na anakaa kikao lini? Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai 1. Bunge la bajeti linaanza Aprili, na kabla ya hapo halmashauri zimeshaandaa mipango yao. Matokeo yanayozinduliwa ukumbini mwezi Mei yanakuta fedha zimeshagawanywa. Ongeza na hili: kibali cha utafiti kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kina sharti la kuomba ruhusa ya kuchapisha matokeo. Uliza mapema imefikia wapi, usije ukaandaa kila kitu ukabaki unasubiri barua.

Sasa takwimu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wananchi wanapopotoshwa bila mtu kukusudia. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vitokanavyo na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Taarifa ikifika redioni, maneno “kwa kila vizazi hai 100,000” ndiyo ya kwanza kukatwa, na msikilizaji anabaki akiamini kwamba nchi nzima wamefariki akina mama 104. Hilo linaniuma kila ninapolisikia, maana linafuta wanawake wengi mno.

Mbele ya madiwani mimi huigeuza hivi: “Waheshimiwa, chukueni halmashauri yenye vizazi 10,000 kwa mwaka. Kwa kiwango cha 104, hao ni akina mama kama kumi. Kwa kiwango cha zamani wangekuwa zaidi ya hamsini.” Hapo diwani anaanza kuuliza maswali ya maana. Walitoka vijiji gani? Gari la wagonjwa lilikuwa wapi? Damu ilikuwepo? Ila umwambie wazi kwamba huo ni mfano wa kuonyesha ukubwa, siyo takwimu ya halmashauri yake. Mwambie pia kwamba makadirio haya hutokana na kuwahoji watu juu ya ndugu zao waliofariki, si kuhesabu mafaili ya hospitali, kwa hiyo namba halisi inaweza kuwa juu au chini ya hapo. Watu wanalielewa hilo vizuri ukiwaeleza kwa utulivu. Anayelificha ili habari ionekane safi anamnyima msikilizaji haki yake.

Kuhusu shahada, sioni kama ni jambo la kukukosesha usingizi. Aliyetoka kwenye habari ajifunze kusoma jedwali na kujua sampuli ilichukuliwaje. Aliyetoka afya ya jamii aandike kila wiki, na ampe kazi yake mtu asiye wa fani. Wote wawili wasome Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 tangu mwanzo hadi mwisho, maana kwa miaka mingi ijayo utaulizwa juu yake kuliko jambo lingine lolote: nani anachangia, nani anasamehewa, zahanati italipwaje. Ukiomba kazi, usipeleke vyeti tu. Chagua utafiti mmoja uliokwisha kuchapishwa, uandikie ukurasa mmoja wa mganga mkuu wa wilaya na dakika mbili za redio, uambatanishe. Mimi nikipokea maombi, hivyo ndivyo ninavyovisoma kwanza.

Na kuna kundi ambalo karibu kila mradi hulisahau: kaya zilizojibu madodoso. Mama amekaa na mtafiti saa nzima akieleza alivyompoteza mtoto, kisha hasikii tena lolote. Ukiingia kwenye taasisi, dai fungu la mikutano ya kurudisha matokeo kijijini liandikwe kwenye ombi la ufadhili, pamoja na nauli, vipaza sauti na posho ya mhudumu wa afya wa pale. Likiachwa mpaka mwisho wa mradi, fedha hazitakuwepo.