Theluji inayotoka kijivu pichani
Ndugu, umeuliza kwa nini theluji unayoipiga picha matembezini inatoka kijivu, na kama picha hizo zinafaa kuonyeshwa watu. Kamera hukisia kwamba kila kilicho mbele yake kina mwanga wa wastani, hivyo weupe mwingi huufifisha. Ongeza mwangaza kwa hatua 1 hadi 2 (yaani +1 hadi +2 kwenye kipimo cha mwangaza cha kamera) kabla ya kubonyeza. Kwenye simu nyingi unagusa skrini, kisha unaburuta alama ya jua kwenda juu. Betri ya akiba iweke mfuko wa ndani, maana baridi huimaliza upesi.

Kuonyesha? Onyesha! Chagua 5, si 40. Hiyo ya nyayo mlangoni kwako uliyoitaja ndiyo ningeanza nayo, ila futa kwanza taarifa za mahali zilizomo kwenye faili.