Reli ya tawi mezani: maneno kwa anayeanza

Ukitaka kujenga modeli ya reli, usianze kwa kununua treni. Anza kwa kujiuliza: reli hii ilikwenda huko kufanya nini? Reli kuu haina shida hiyo, kila mtu anajua inatoka bandarini inakwenda mji mkuu. Reli ya tawi ilitandikwa kwa sababu moja au mbili tu, na sababu hizo ndizo zitakazokuambia uweke nini mezani na uache nini.

Mfano wangu utakuwa tawi la Voi–Taveta, kusini mwa Kenya, kwa kuwa ndilo ninalolijenga. Lilizaliwa vitani. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, na mwaka 1915 Waingereza wakaanza kutandika reli kutoka Voi kuelekea magharibi, kupitia Mwatate, Bura na Maktau, ili wafikishe askari na mahitaji yao kwenye nyika ile kavu. Februari 1916 wakapigana kwenye kilima cha Salaita, na mwaka huohuo reli ikavuka mpaka, ikaungana huko Kahe na reli ya Tanga–Moshi iliyojengwa na Wajerumani. Vita vikaisha, reli ikabaki na kutafuta kazi nyingine: mkonge, abiria, magunia, bidhaa za maduka.

Ukishalijua hilo, nusu ya maswali yako yamejibiwa. Reli ya haraka ya vita huzunguka kilima pale inapoweza, haikichimbi. Stesheni zake ni chache na ndogo. Mahali palipo na mkonge patakuwa na njia ya pembeni ya kupakilia, na pasipo na shehena hapatakuwa na njia ya pembeni hata kama meza yako ina nafasi. Karibu kila anayeanza hujaza meza njia nne, tano, daraja, na handaki juu yake. Ninakusihi usifanye hivyo. Uzuri wa reli ya tawi ni nchi kubwa inayoizunguka. Mimi nimejiwekea kanuni kwamba reli na majengo yake visizidi robo ya meza. Kinachobaki ni udongo, nyasi na miti, na hapo ndipo kazi kubwa ilipo.

Sasa skeli, yaani kitu halisi kimepunguzwa mara ngapi: 1:64 ni mara 64. Reli zetu za zamani ni za geji (upana kati ya reli mbili) ya mita moja, na hapa wengi hukwama kwa sababu treni zinazouzwa kwa wingi duniani ni za geji pana ya milimita 1,435. Ukichagua skeli ya 1:87, geji ya mita inataka njia ya milimita 12. Njia hizo zipo, lakini hutengenezwa hasa kwa wapenzi wa reli za milimani za Uswisi, na bei yake ni kali. Ukichagua 1:120, njia ya milimita 9 inakupa geji ya milimita 1,080, inakubalika kabisa, na inafaa kwa mwenye chumba kidogo. Ushauri wangu ni 1:64 juu ya njia ya kawaida ya milimita 16.5. Piga hesabu: 16.5 mara 64 ni 1,056. Unazidi ukweli kwa milimita 56 tu, na macho hayaoni. Faida yake ni kwamba njia hiyo ndiyo iliyoenea kuliko zote, na mashine zake hupatikana hata zilizotumika, ukazivalisha bodi mpya ya plastiki au kadi ngumu.

Tena 1:64 ndiyo skeli inayotajwa kwa vigari vingi vya kuchezea vinavyouzwa madukani. Lakini pima kabla ya kulipa, kwa sababu watengenezaji hupunguza au kukuza gari ili litoshe kwenye paketi. Peugeot 404 halisi ilikuwa na urefu wa karibu mita 4.4, kwa hiyo ya kwako iwe kama milimita 69. Ikiwa 60, iache dukani hata kama inapendeza.

Kwa meza ya kwanza, urefu wa mita 2.4 kwa upana wa sentimita 45 unatosha: stesheni moja, njia kuu, njia ya kupishana, na njia moja ya pembeni yenye jukwaa la mkonge. Njia kuu iishie nyuma ya kilima au kichaka kila upande, ambako utaficha njia ya kuegesha treni. Meza iinue hadi kifuani, mita 1.2 hivi. Ukiitazama treni kutoka juu utaona kichezeo, ukiitazama kwa ubavu utaona treni. Stesheni yangu ni ya kubuni, nimeiweka kati ya Mwatate na Maktau, na ninakushauri nawe ubuni. Stesheni halisi itakudai kila jiwe. Ya kubuni inakudai ufuate tabia ya majirani zake.

Usinunue injini kubwa kwa sababu ni maarufu. Garratt, injini ndefu za mvuke zenye viungo, za daraja (aina) la 59 zilizobeba majina ya milima ya Afrika Mashariki ni mashine za fahari, na mbili unaweza kuziona katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Lakini kila ekseli ilikandamiza reli kwa takriban tani 21, na urefu wake ulikaribia mita 32. Matawi mengi yalitandikwa reli nyepesi ya ratili 50 kwa yadi, isiyoweza kubeba uzito huo. Kwenye 1:64 injini hiyo moja ni nusu mita. Stesheni yako yote itapotea. Tawi lilitaka injini nyepesi, na Garratt za daraja la 60, zenye takriban tani 11 kwa ekseli, ndizo za kuangalia ukilipenda umbo la Garratt. Nyuma yake funga mabehewa mawili ya mizigo, moja la abiria, na la gadi, yaani msimamizi wa treni. Hiyo ni treni nzima, na ni treni ya kweli.

Makumbusho nenda na futi ya kupimia, daftari na kamera, na uombe ruhusa kwanza. Piga picha za vitu ambavyo hakuna anayevipiga: ngazi ya kupandia, upande wa chini wa behewa, bawaba za mlango, jinsi rangi ilivyobanduka.

Reli yenyewe ichague kwa kimo chake. Reli ya ratili 50 ina kimo cha sentimita 10 hivi, ambacho kwa 1:64 ni milimita 1.6. Njia ya kawaida ya kuchezea ina reli ya milimita 2.5, sawa na sentimita 16 za kweli, yaani reli nzito mno kwa tawi. Tafuta ile ya milimita 1.9, inayoitwa kodi 75. Mataruma, yale yanayolala chini ya reli, usiyapake rangi ya mbao bila kufikiri: reli zetu zilitumia sana mataruma ya chuma, kwa hiyo rangi ni kahawia ya kutu. Kokoto za kweli zina ukubwa wa sentimita 5 hivi, na za kwako zisizidi milimita 0.8. Chujio la chai litakuchujia. Kwenye tawi kokoto huwa haba, udongo umepanda hadi juu ya mataruma, nyasi zimeota katikati.

Kabla hujamwaga kokoto hata moja, endesha treni, na uendelee kuiendesha siku nyingi. Kila urefu wa reli uchomelee nyaya zake mbili zinazoshuka chini ya meza. Usitegemee viungio vya kuunganishia reli kupitisha umeme, maana hupata kutu, na ukikaa Mombasa au Tanga hewa ya bahari itaviharibu mapema zaidi. Acha pengo la nusu milimita kati ya reli na reli, kwa sababu mita moja ya reli hurefuka karibu theluthi moja ya milimita joto likipanda nyuzi 20. Umeme wa kuendeshea ni volti 12 tu. Betri ya sola, kidhibiti mwendo cha mota kutoka duka la vifaa vya elektroniki, swichi ya miguu sita ya kugeuza mwelekeo, na fyuzi ndogo kwenye waya wa betri: hivyo vinatosha, na stima zikipotea treni yako inaendelea kwenda. Fyuzi usiisahau, betri ya aina hiyo ina nguvu ya kuwasha waya moto.

Nikifika kwenye udongo nahitaji nafasi zaidi, kwa sababu Taita, nchi ambamo tawi hili linapita, ni udongo kwanza. Mwekundu, unaingia kila mahali. Usiutafute kwenye kopo la rangi, nenda kauchote. Ukaushe juani, uuchekeche kwa kitambaa cha soksi ndefu, kisha upitishe sumaku juu yake mara kadhaa hadi isiokote chembe tena. Hatua hiyo ya sumaku hairukwi. Udongo mwekundu una madini ya chuma, na mota ya injini ina sumaku ndani yake; chembe zitavutwa hadi kwenye mota na kuila. Paka gundi nyeupe ya mbao juu ya jasi uliyofinyangia ardhi, nyunyiza udongo, halafu loanisha kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo na udondoshee gundi iliyochanganywa na maji. Bila sabuni matone yatakaa juu ya vumbi na kuchimba mashimo.

Vumbi laini linalobaki chini ya chekecheke lihifadhi kwenye kopo. Ndilo utakalopaka kwa brashi kavu chini ya mabehewa, kwenye kuta za stesheni hadi usawa wa goti, kwenye magurudumu ya Land Rover, kwenye majani ya miti iliyo karibu na barabara. Vumbi moja likigusa kila kitu, vitu vilivyotoka maduka tofauti vinakuwa vya mahali pamoja.

Nyasi za kiangazi zitengeneze kwa mkonge wenyewe. Nunua kamba, ifumue, kata nyuzi za milimita 5 hadi 15, uzisimamishe kwa vishada kwenye gundi. Rangi yake ya asili tayari ndiyo rangi ya nyika mwezi wa Septemba. Na amua mwezi, tafadhali. Huwezi kuwa na nyasi za kiangazi upande huu na majani mabichi ya masika upande wa pili. Mimea ya mkonge ni vipande vya karatasi vilivyochongoka, vikizungushwa kwenye kijiti, vimepakwa kijani chenye ujivu, na ipandwe kwa mistari iliyonyooka kabisa, kwa sababu lile ni shamba.

Miti isiwe midogo. Mbuyu wa mita 16 ni sentimita 25 kwa skeli yetu, mrefu kuliko kila jengo mezani. Weka mmoja tu. Migunga kumi na mitano yenye vichwa bapa, mingine mikavu, imalize kazi.

Mabati ya paa hutoka kwenye foili ya jikoni. Mawimbi ya bati halisi yako umbali wa milimita 76, yaani 1.2 kwa 1:64, na nyuzi za bolti ya M8 ziko umbali wa milimita 1.25. Weka foili juu ya mpira laini, viringisha bolti ndefu juu yake kwa nguvu sawa, kata vipande vya milimita 37, vipange vikilaliana kama fundi anavyofanya. Tangi la maji liwe juu ya mnara, kibao cha jina la stesheni kiandikwe na kimo kutoka usawa wa bahari kwa futi, na nyuma kidogo ziwe landi, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, zenye jiko la nje na kamba ya nguo.

Hizo landi ndizo zitakazokupeleka kwa wazee. Bado wako mafaya waliolisha injini za mvuke, magadi wa treni, wapointi waliogeuza njia, watu wa gangi waliotembea na reli kwa miguu kila asubuhi. Mtafute mmoja, umwamkie, ukae, usikimbilie kuuliza namba za injini. Muulize asubuhi ilianzaje, nani alifungua pointi, behewa la mkonge lilikatwa wapi, abiria walisubiri upande gani wa jengo ili wapate kivuli. Andika majibu siku hiyohiyo, kisha uendeshe treni yako kwa kufuata alichokuambia: isimame, gadi ashuke, behewa tupu lisukumwe kwenye njia ya pembeni, lililojaa livutwe, na treni ingoje muda wake kabla ya kuondoka kwenda Maktau.