Jibu: Neno "train" la Kiingereza, treni na mkia wa gauni vinahusianaje?

Mkuu, umeuliza inakuwaje Waingereza watumie neno moja, train, kwa treni, kwa kufundisha na kwa mkia wa gauni. Au ni kufanana tu, kama kaa la moto, kaa wa ziwani na kaa kitako? Hapana. Yale ya kwetu ni maneno matatu yaliyogongana sauti. Train ni neno moja lililozaa watoto wengi, na mama yao ni kuburuta.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tabora mjini, kazi yangu magauni ya harusi. Kuna bibi harusi aliniletea picha na vipimo kwa Kiingereza, mwishoni pameandikwa train, mita moja na nusu. Kijana wangu wa sekondari akasema treni. Kamusi ya nyumbani: treni, fundisha. Sikugusa mkasi mpaka nilipompigia yule dada, akaniambia ni ule mkia unaofagia sakafu. Tangu hapo neno hili sikuliacha.

Chimbuko ni Kilatini, trahere, maana yake kuvuta. Likapita kwenye Kifaransa cha zamani kwa maana ya kuburuta, ndipo likaingia Kiingereza. Kwa hiyo mkia wa gauni ulitangulia treni kwa karne kadhaa! Mvalishe mtu satini umwambie apige hatua, utaiona maana hiyo kwa macho: kiuno kinaondoka, kitambaa kinabaki kidogo, halafu kinafuata kikiparuza saruji.

Kutoka kwenye mkia, neno likahamia kwa watu wanaomfuata mkubwa, kisha kwa msafara wowote. Mtu wa Tabora hilo analielewa haraka. Wale wapagazi waliofuatana na mizigo kichwani kutoka Bagamoyo, wakapita hapa kwenda Ujiji, kwa Kiingereza ni train kabisa. Reli ya Stockton na Darlington ilipofunguliwa kule Uingereza mwaka 1825, mlolongo wa magari yanayovutwa nao ukaitwa hivyo hivyo, "train ya magari". Baadaye neno magari likadondoka. Reli yetu ya Kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, kwa sehemu kubwa ikiambaa na njia ile ile ya misafara. Na kinachonifurahisha zaidi: Wajerumani walioijenga reli hiyo, treni waliiita Zug, nalo limetokana na kitenzi chao cha kuvuta. Lugha mbili, wazo moja.

Kufundisha ndiko kunakowatatiza wengi. Pitia kwa mkulima. Mpesheni ukiuacha unatambaa ovyo. Ukitaka uzae vizuri, unaushika mche ungali laini, unauvuta taratibu kuelekea kwenye waya, unaufunga. Waingereza wanaita hivyo kuu-train mmea, na kutoka kwenye mmea wakafika kwa mtoto, askari na farasi. Ndivyo ninavyowafundisha mabinti wanaojifunza kazi kwangu: naweka mkono wangu juu ya wao, tunaongoza kitambaa pamoja chini ya sindano mpaka mshono unyooke.

Ukikutana na train of thought, basi, usiandike treni ya mawazo. Ni mfululizo wa mawazo, moja likivuta jingine.

Na trekta linalokwenda mashamba ya tumbaku huko Urambo ni ndugu yao wa damu: limetoka kwenye trahere hiyo hiyo.